Ulimwambia Rehema

Kambarage, Shinyanga
Jumapili, baada ya kutoka kanisani

Milembe rafiki yangu,

Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na sikujua kama inaruhusiwa kumkasirikia marehemu. Leo nimeona bora niseme.

Unakumbuka kidato cha tatu, mwalimu wa Kiingereza alipotufundisha neno "miserable"? Wenzetu waliliandika wakalisahau. Wewe ulilipokea kama mtu aliyepata nguo inayomkaa. Ukaligawa mafungu matatu. La kwanza, mtu aliyevunjika moyo kabisa. La pili, kitu kinachomvunja mtu moyo: mvua ya siku ya mnada, chumba kinachovuja. La tatu, kitu kidogo mpaka kinatia aibu. Pale bwenini ulikuwa unachungulia sahani yangu: "Bebe, wewe Kabula, hii ni fungu la tatu! Huyu ng'ombe amepita tu kwenye mchuzi akaenda zake."

Baadaye ulinieleza kwa nini unalipenda. Kwetu ukisalimiwa unajibu "mhola", mambo salama, hata kama mgongo unakatika. Ulisema neno hili la wageni halina shangazi wala mkwe, unaweza kulitamka bila kumtia mtu hofu. Tukakubaliana kwamba sisi wawili tukiulizana hali, hakuna mhola ya uongo. Tutataja fungu.

Ulipohamia Segese kuwapikia wachimbaji tuliendelea kwa simu. Halafu, mwaka ule wa mwisho, ukaanza kunijibu, "Mhola duhu, Kabula," salama tu. Nikaamini. Nikawaambia wenzangu wa dukani ninapofanya kazi kwamba biashara yako imekubali.

Msibani nilipewa kazi ya kuandika wasifu wako. Unanijua, nilipanga kila kitu: kuzaliwa, ubatizo, shule, miaka ya Segese. Nikausoma bila kukosea. Kisha likaitwa neno la marafiki, na aliyesimama ni Rehema, jirani yako wa kibanda cha chapati. Akasema kila asubuhi mkiwasha majiko alikuuliza umeamkaje, nawe ulimjibu, "Miserable, shoga. Fungu la kwanza." Akasimulia figo zako zilivyoharibika. Akasimulia miguu iliyovimba mpaka ukapika umekaa, na ulivyolia siku moja umeegemea gunia la mkaa. Watu wote walilia. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi yangu yenye tarehe.

Sikulia. Nilimwonea wivu, Milembe. Nilimwonea wivu wa maumivu yako.

Na neno lile lilikuwa letu. Ulimfundisha lini? Alicheka pale nilipochekea mimi?

Juzi alinitembelea hapa nyumbani. Mama yako alimgawia kile kitenge chako cha bluu siku ya kumaliza matanga, na alikuwa amekivaa. Kimemkaa vizuri, nacho kiliniudhi. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu hata mara moja. Akasema, "Dada Kabula, alinikataza. Alisema yule ukimwambia ataacha kazi kesho yake, aje kunipangia vidonge kwa rangi." Akacheka, akidhani na mimi nitacheka.

Kweli ningeacha kazi. Ningekuja. Ndiyo maana inauma. Ulinijua kiasi hicho, ukanihurumia mimi, ukamwamini yeye. Mimi sikuhitaji huruma yako. Nilihitaji kuamshwa usingizini, nipande basi la kwanza, nikukute umevimba, unikaripie kwa nini nimekuja.

Sijakusamehe bado. Naandika hivyo kwa sababu wewe hukupenda nikurembee maneno.

Lakini Rehema ana miezi yako yote ya mwisho, na mimi sina hata mmoja. Kwa hiyo nakuahidi: nitaenda Segese, nitakaa kwenye kibanda chake, nitamwambia anisimulie kuanzia siku miguu ilipoanza kuvimba. Asinifiche hata siku ulizocheka. Najua wivu utanichoma pale pale mbele ya wateja wake. Nitakaa mpaka amalize.

Pumzika, mwenzangu. Safari hii huwezi kunizuia kuja.

Kabula