Diski Ilikuwa Yangu, Karangwa Njo Alifungwa

Mama Constance, wewe unasikilizaka shida za watu, nisikilize na mimi, sijatulia hata kidogo. Mimi ni Euphrasie wa Masisi, nilisoma informatiki Goma, na niko katika ekipe ya watu wa inchi mbalimbali wanaotengeneza sistemu ya kuongoza ordinateri kubwa sana, maelfu ya mashine zinazohesabu pamoja kama mashine moja, na sehemu yangu njo ile inayolinda hesabu zisipotee mashine moja ikizimika katikati, na nilikuwa karibu kumaliza, lakini vita ilipokaribia rezo ya intaneti ikakatika, basi nikaweka kazi kwenye diski, nikamuomba Karangwa, motari wetu wa pikipiki, aipeleke Goma kwa rafiki yangu aitume, na kwenye barieri ya barabarani watu wenye bunduki wakaikuta, wakafungua, wakaona maandishi wasiyoyaelewa, wakasema, "Hizi ni siri za adui," wakamufunga, na yeye hajataja jina langu, Mama, hata leo, na bibi yake Dancille anakuja kwetu kuomba maharagwe ya watoto wao, ananiuliza, "Dada, wewe ulisoma, walimukamata juu ya nini?" nami ninamupimia maharagwe tu, na rezo ikirudi kidogo ekipe wananiandikia, "Unamaliza, ao tumupe mwingine?" na kaka yangu Benoît iko na nafasi mbili kwenye kamio ya mizigo inayoenda Butembo, kule rezo iko, anasema, "Twende, ukijitokeza watakufunga na wewe." Niende nimalize kazi yangu, ao nibaki?

*

Dada yangu (majina yenu nimeyabadilisha),

Uoga wako ninauelewa, bunduki hakuna anayeizoea. Na kazi yako ni ya heshima, usiionee haya. Lakini umeniuliza kama uende ao ubaki, haukuniuliza Karangwa atatokaje. Hilo limeniuma.

Utamunyamazia Dancille mpaka lini? Mwambie ukweli leo. Atalia, pengine atakutukana. Kaa palepale, usikimbie.

Halafu, sikia vizuri: barieri usiende peke yako! Piga hodi kwa padri wa parokia, mutafute pamoja avoka wa kumutetea Karangwa, wao watangulie kuzungumza na mukubwa wa wale watu. Wape diplome yako na mesaji za ekipe. Waombe ekipe barua yenye kueleza ile diski ni ya nini, kwa maneno mepesi, kwa Kifaransa. Ukiitwa kujieleza, nenda nao.

Na ile sehemu yako, waambie ekipe wamupe mwingine. Ndiyo, itakuuma. Sistemu itatoka bila wewe, Karangwa hapana.

Benoît apande kamio yake. Wewe vaa viatu, uende kwa Dancille.

Mama Constance