Daktari Kasema Mawazo, Kesi Nimepewa Mimi

Jumamosi, mwezi wa saba. Mpemba, nje kidogo ya Tunduma.

Leo upepo umeamka kabla yetu. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, na baridi ni ile ya kupasua midomo. Sijafungua duka. Nimekaa kitandani na koti juu ya khanga, naandika, maana nisipoandika nitapiga mtu.

Mume wangu ameondoka asubuhi na mama yake. Wamepanda kosta kwenda kwao, juu kule upande wa Mbozi Mission. Anakwenda kupumzika. Na kinachomchosha, eti, ni mimi.

Humu nitamwita Amosi, si jina lake. Blogu hii haina jina langu wala picha yangu, kwa hiyo leo nasema yote.

Tuna miaka sita ya ndoa na hatuna mtoto. Kwa watu wa hapa sentensi hiyo ina mkosaji mmoja tu, na huyo havai suruali. Mama mkwe mpaka leo ananiita bibi harusi. Wake wa shemeji zangu wote anawaita kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani, mimi nimebaki bibi harusi kama vile keki haijakatwa. Nauza mchele wa Kamsamba, na wateja wangu wengi ni Wazambia wanaovuka mpaka. Wao wakiingia dukani wananiita "bamayo", yaani mama, kwa sababu Kibemba kinamheshimu hivyo kila mwanamke mtu mzima. Kuna siku nimempunguzia mtu bei kwa neno hilo tu.

Katika miaka hiyo sita nimekunywa mizizi iliyoletwa kutoka Mkwajuni, michungu ya kutoa machozi. Nimefunga na kuombewa. Nimepelekwa Mbeya nikapimwa mirija, kipimo ambacho ukiwa juu ya kile kitanda unajuta kuzaliwa. Majibu yangu yakatoka: mirija iko wazi, kila kitu kiko sawa. Mama mkwe akasema mashine nazo zinakosea.

Mwaka huu ndipo Amosi alipokubali kupima. Kipimo chake ni kikombe. Kikombe cha plastiki chenye mfuniko, basi. Na hicho kikombe nilikibeba mimi.

Alikataa kwenda maabara mwenyewe. Alisema Tunduma nzima inamjua, pale kwenye benchi hatakosa dereva mwenzake. Ni kweli, yeye ni dereva wa malori ya Ndola na Lubumbashi, na mji huu umejaa madereva wanaosubiri kuvuka. Maabara walituambia anaweza kutolea nyumbani, ila sampuli ifike ndani ya saa moja na isipoe. Kwa baridi hii ya kwetu, isipoe! Nikakifunga kikombe kwenye kitambaa, nikakiweka kifuani ndani ya sidiria, nikapanda bodaboda.

Foleni ya malori siku hiyo ilianzia huku kwetu. Dereva wa boda alipita pembeni, mara kwenye mchanga, mara kwenye mtaro, na mimi nimejikumbatia kwa mikono miwili.

"Dada, kifua kinakusumbua?" akaniuliza.

"Kinanisumbua," nikamjibu.

Nilifika kikiwa bado na joto. Mwanamke anayeitwa tasa, amebeba mbegu za mumewe kifuani kama kifaranga, anaomba malori yasogee. Siku hiyo nilicheka. Leo sioni cha kuchekesha.

Kuchukua majibu tulikwenda wawili. Daktari alisema mbegu zipo, lakini ni chache, na nyingi kati ya hizo chache haziogelei inavyotakiwa. Akamuuliza Amosi kuhusu sigara, kuhusu pombe, kuhusu kukaa siku nzima kwenye joto la kabini. Akamuuliza usingizi. Halafu akauliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Amosi akaangalia viatu vyake. Nikajibu mimi.

Niwaeleze hapa kidogo. Kuna safari moja Amosi alikuwa nyuma ya lori la rafiki yake kwenye mteremko, upande wa Zambia. Breki za yule wa mbele zikakatika. Amosi aliona yote, mpaka moto, na hakuweza kumtoa rafiki yake. Aliporudi nyumbani hakuwa mtu. Hali chakula, halali usiku, akisikia honi anashika ukuta. Nilimsindikiza mimi hospitali, akapewa dawa za sonona. Zilichukua wiki kadhaa, lakini zilimrudisha. Alianza kula. Siku moja nikamsikia anapiga mluzi bafuni, nikakaa chini jikoni nikalia.

Daktari alituelewesha taratibu, na nilivyoelewa ni hivi. Mtu akikaa na msongo wa mawazo muda mrefu, mwili unaishi kama uko hatarini kila siku. Unamwaga homoni za kukabili hatari, na ile homoni ya kiume inayosimamia utengenezaji wa mbegu inashuka. Halafu kuna kitu kinaitwa serotonini. Mimi nilidhani ni mambo ya kichwani tu, ya furaha na usingizi. Kumbe iko sehemu nyingi za mwili, tumboni, hata kwenye korodani zenyewe, na inatakiwa iwe kwa kiasi chake. Dawa za Amosi zinaipa serotonini nguvu kichwani, ndiyo maana analala. Lakini kwa baadhi ya wanaume dawa hizo hupunguza hamu, huchelewesha kumaliza, na zinaweza kudhoofisha mbegu. Kwa Amosi, daktari alisema, hawezi kujua kilichoharibu ni msongo, ni dawa, ni joto la kabini au vyote pamoja.

"Ila asiache dawa ghafla," alisema. Akarudia, akiniangalia mimi: "Ghafla hapana." Arudi kwa daktari aliyemwandikia, waone kama zitabadilishwa au zitapunguzwa kidogo kidogo. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo baada ya hapo apime tena.

Nilitoka pale mwepesi. Nisamehewe, nilitoka na furaha. Si kwamba nilifurahia mume wangu kuwa na tatizo. Nilifurahi kwamba tatizo lina jina, na jina lenyewe si langu. Tulikula samaki mjini. Amosi akaniambia, "Mama usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe." Nikamwambia sawa. Kumsitiri mume ni kazi niliyofundishwa nikiwa mdogo, naijua vizuri.

Juzi Alhamisi mama mkwe akaja na ndizi na maharage. Alikuwa ameshasikia tumekwenda hospitali, sijui kwa nani. Nilikuwa jikoni nachuja chai, wao sebuleni, katikati pazia tu.

"Wamesemaje?" akauliza.

Amosi akasema, "Wamesema ni mawazo, mama."

Basi. Hakutaja mbegu. Hakutaja kikombe, wala dawa, wala lori lililoungua. Mawazo.

Nikamsikia mama mkwe: "Mawazo? Na nani anakupa mawazo, mwanangu?"

Nilisimama na chujio mkononi, nikasubiri. Nilijua sasa Amosi atasema. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

Alinyamaza.

Mama mkwe akaendelea mwenyewe. Kwamba tangu anioe hajanenepa. Kwamba mwanamke asiye na mtoto anakuwa na maneno mengi, na mwanaume akirudi safari anahitaji utulivu. Kwamba kaka zake wote wamezaa na hakuna aliyepimwa. Kwamba hizo dawa za wendawazimu anazoziona kwenye rafu yetu azitupe, mtoto wa kanisani hanywi vitu hivyo. Aende nyumbani akapumzishe kichwa, hewa ya kule ni nzuri.

Mapumziko gani hayo ya msimu wa kahawa? Mama mkwe ana mashamba mawili yanayosubiri kuchumwa, na wachumaji mwaka huu ni wa kugombania. Lakini ningesema hilo, ningekuwa nimethibitisha kwamba nina maneno mengi.

Nikaingiza chai. Nikamkaribisha, nikamwekea sukari. Jana nikamfulia Amosi nguo zake za safari. Mimi mwenyewe. Mpaka soksi.

Nina hasira na mama mkwe, lakini hiyo ni hasira ya kawaida, nimeizoea kama maumivu ya mgongo. Hasira niliyo nayo kwa Amosi ni nyingine. Nilikaa naye sakafuni alipokuwa anashika ukuta. Nimemeza mizizi ambayo haikunihusu. Nimebeba aibu yake kwenye sidiria yangu ili wenzake wasimwone. Halafu alipoulizwa nani anampa mawazo, akamwachia mama yake anitaje mimi.

Asubuhi kituoni mama mkwe akaniambia, "Bibi harusi, utatunza nyumba." Amosi akasema atapiga simu. Hajapiga, na mtandao wa kule haujakatika, nimempigia wifi yangu wa kule, simu ikaita.

Niliporudi nikatandika kitanda. Kwenye rafu juu ya kichwa chake wembe haupo, amechukua. Mswaki amechukua. Mafuta ya mgongo amechukua.

Dawa ameacha.

Kiboksi kizima, kimesimamishwa vizuri, hakikusahaulika. Ameamua kumtii mama yake.

Nitasema ukweli, kwa sababu hapa ndipo pekee ninaposema. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa: acha. Acha wamwone. Mwanzoni mwa mwaka alikwama mpakani dawa zikamwishia, na aliporudi nilimkuta amekaa nyuma ya mlango, jasho linamtoka, anaomba samahani kwa mtu aliyekwisha kufa. Acha na mama yake amkute nyuma ya mlango, ndipo atajua mawazo ya mwanawe yanatoka wapi. Nimekaa na wazo hilo tangu saa nne asubuhi na lilikuwa tamu. Tamu kabisa, sijutii kulionja.

Lakini nimesikia "ghafla hapana" kwa masikio yangu, na aliyekuwa anaangaliwa ni mimi. Amosi akidhurika kule shambani, mzigo huo sitaweza kumwachia mama mkwe. Utakuwa wangu.

Kwa hiyo kiboksi nimekifunga kwenye kitambaa kilekile. Kesho ni Jumapili, nitapanda kosta ya kwanza. Ibada ikiisha watakuwa nyumbani wote, mama mkwe, kaka zake, wake zao na watoto wao wenye majina. Sijui kama nitarudi na mume au nitarudi peke yangu, na leo sina nguvu ya kuomba mojawapo. Najua tu kwamba nimechoka kumsitiri mtu asiyenisitiri.

Mama mkwe atanipokea mlangoni, atasema karibu bibi harusi, na mimi nitaitika. Nitaingia. Nitampa mwanawe dawa yake kwanza, na maji, na nitamsubiri ameze. Halafu nitavuta kiti, nitakaa katikati yao, nianze na siku ile ya kikombe.