Ndege Iliyotua Jumapili

Jumamosi, 1 Juni

Wewe uliyefika hapa kwenye shajara yangu, rudi ulikotoka. Umeshindwa? Basi nakupigia magoti: haya yaishie kwako. Usimnong'oneze mtu. Hata shemeji, mume wa dada ninayekaa kwake. Hasa shemeji! Nina kazi moja tu hapa duniani, na sijaichoka kiasi hicho.

Mimi ni karani wa kiwanja cha ndege. Neno "kiwanja" nalitumia kwa heshima. Tuna njia moja ya kurukia, mfuko wa kupimia upepo uliotoboka, geti, na ndege mbili kwa wiki zikipenda. Zikija, naandika kwamba zimekuja. Zisipokuja, naandika kwamba hazikuja. Nimesomea hiyo, na cheti ninacho.

Siri yenyewe: natengeneza filamu. Fupi. Nina programu ya kurusha ndege kwenye laptopu, ile wanayochezea watu, na nyingine ya kuhariri video. Narusha, narekodi, nakata, naunga. Kisha ndege zinaongea kwa sauti yangu niliyoinenepesha. Nyota wangu anaitwa Kidege Mvivu. Huchelewa kila mahali na kila mara ana sababu nzuri. Sauti yake inafanana na ya mkuu wangu wa kazi. Sadfa tupu.

Leo nimemaliza mpya. Kidege anatua kiwanjani kwetu siku ya mapumziko. Hakuna mtu. Anajipokea, anajikagua mizigo, anajipigia saluti. Kiwanja nimekijenga mwenyewe ndani ya programu, kipande kwa kipande: tangi la maji, ukuta wenye ufa, geti. Hata gari la mkuu nimeliegesha mahali pake, na lile bonyeo la mlangoni. Nimeiweka kwenye chaneli yangu ya jina bandia. Watazamaji wangu hawajazi hata chumba hiki. Wanatosha. Wakizidi nitaifunga chaneli.

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwisha!

Mtu amekata kipande — Kidege anashuka, anagusa lami, anapita mbele ya ofisi yetu — akafuta sauti, akapachika muziki wa msiba na maandishi makubwa: NDEGE YATUA KWA SIRI LEO JUMAPILI. Imeenea grupu zote. Shemeji kanionyesha wakati wa chai, akanieleza kinaga ubaga ilivyokuwa. Rubani anamfahamu, walisoma pamoja. Dada akamwambia, "Wewe kila mtu umesoma naye. Mbona wao wamefaulu?" Chai ikanipalia. Walidhani nacheka.

Ofisini, makao makuu walikuwa wameshapiga simu. Kaimu — ndiye mkuu wetu, anakaimu tangu mimi niko sekondari — alikuwa ameinamia klipu kwenye simu yake. Nikasubiri aseme: hii si katuni hii? Kipofu angeona. Kivuli cha ndege kinaangukia upande wa jua! Lakini Kaimu hakuwa anatazama ndege. Alikuza picha kwa vidole. Akatabasamu.

"Hili si gari langu?"

"Linafanana, bosi."

"Linafanana nini! Ni lenyewe. Tazama bonyeo."

Sasa, Jumapili ni zamu yake, na Jumapili haonekani. Makao makuu wamemwonya mara mbili. Barua zote nimezipokea mimi. Leo Mungu kamshushia picha ya gari lake likiwa kazini siku ya Jumapili, tena na ndege nyuma yake kama pambo. Angekataa yeye nani?

Akawapigia nikiwa nimesimama palepale. Ndiyo, ndege ilitua. Hitilafu ya injini. Alimpokea rubani yeye mwenyewe, akampa maji ya kunywa, wakaangalia injini pamoja, akamruhusu aruke. Maji! Mimi sikuwa nimeandika maji. Kipaji kingine hakisomewi.

Jumanne, 4 Juni

Nimechapa ripoti rasmi ya ndege yangu mwenyewe. Kaimu anasema, mimi nachapa. Rubani sasa ana masharubu na amemshukuru Kaimu "kwa utulivu wa kitaalamu". Nikauliza utulivu uandikwe kwa herufi kubwa? Akafikiri. Akasema hapana, tusijikweze.

Kisha makao makuu wakauliza swali ambalo sikulitegemea, na Kaimu pia. Mbona mlinzi wa geti hakuripoti?

Kaimu hakupepesa hata jicho. "Alilala."

Nikachapa. Neno moja. Vidole vyangu vimesoma kuliko mimi, haviulizi.

Alhamisi, 6 Juni

Mlinzi tunamwita Filimbi, kwa sababu hupiga mluzi zamu nzima. Barua ya kumwita kwenye kikao nimeichapa mimi, na mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea. Karani ni mtu wa kutumwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibie. Umeniletea kupandishwa cheo?"

Akaisoma polepole. Akacheka.

"Mwanangu, Jumapili hapa nimeona paka, nimeona mbuzi wa jirani, nimeona mfuko wa nailoni ukiruka kuliko ndege zetu. Ndege sijaiona. Labda ilikuwa ndogo sana."

Nikacheka naye. Nikadhani yamekwisha. Nilipogeuka akaniita, na safari hii hakuwa na utani.

"Hebu niambie, wewe msomi. Mtu anaweza kulala macho wazi? Maana nimeitazama hiyo video. Geti langu. Tangi. Ufa wa ukutani. Na mimi simo."

Nikamwambia mtu huchoka, mzee.

Mtu huchoka! Ndilo jibu nililompa. Nilikuwa na laptopu begani. Ningeifungua palepale, nimwambie: mzee, hukulala, ndege hii nimeirusha mimi nikiwa kitandani na soksi. Badala yake nikamsaidia kuamini kwamba alilala. Leo hakupiga mluzi. Nilisikiliza mpaka saa ya kutoka.

Jumapili, 9 Juni

Nimeandika ujumbe kwa makao makuu. Nimeufuta. Nimeandika tena, kwa adabu zaidi, nikaufuta kwa adabu zaidi.

Tupime. Nikisema: nimedhihaki kiwanja, nimeigiza sauti ya mkuu wa kazi, nimemfanya mwongo mbele ya wakubwa. Naondoka. Nisiposema: anaondoka Filimbi, mimi nabaki, na nitachapa barua yake ya kufukuzwa kwa maandishi mazuri yaliyonyooka. Jambo jepesi kabisa. Ndiyo maana sijala.

Nimejaribu kukiri kwa sauti mbele ya kioo. Sauti ikatoka ya Kidege.

Dada akagonga. "Humo ndani kuna mwanamume?"

"Hapana, dada."

"Bahati mbaya," akasema, akaenda zake.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika kwenye simu, chini ya meza. Kikao kimeanza. Wakaguzi wawili kutoka makao makuu, Kaimu ndani ya suti, Filimbi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Wamemuuliza kama alilala. Amesema, "Sikumbuki kulala." Mkaguzi akasema mtu hakumbuki kulala, ndiyo maana ya kulala. Wamecheka. Filimbi pia amecheka, kwa kuwasaidia.

Kisha Kaimu akasema ushahidi uonekane na kila mtu. "Karani, unganisha laptopu yako hapo kwenye projekta. Tuwekee ile video ukutani."

Laptopu yangu!

Nimeunganisha waya. Klipu ilikuwa pale, mbonyezo mmoja. Kidole kikaenda pembeni. Nimefungua programu ya kurushia ndege.

Inafunguka polepole. Ukutani ni mduara unaozunguka tu. Kaimu anawatuliza wageni: mtandao huo, wakubwa, tuvumilie. Hajui kitakachotokea ni kiwanja kitupu, na ndege haipo mpaka niiweke, na gari halipo mpaka niliweke. Naweza kulipaka rangi ya waridi akitaka. Naweza kuwanyeshea mvua.

Bado naweza kuchomoa waya. Naandika bila kutazama, samahani kwa makosa.

Mduara umesimama. Njia ya kurukia imeanza kuonekana. Mkaguzi mmoja anavaa miwani.

Haraka, basi. Wewe uliyenisoma mpaka hapa na ukaficha: namba ya ofisini usiipige tena. Piga ya dada. Ikipokelewa na mtu anayejua marubani wote, kata, upige upya. Isipopatikana, njoo kiwanjani mwenyewe, lakini usiingie ofisini wala usiulize karani. Simama getini. Ukimkuta Filimbi, msalimie, atakuelekeza nilipo. Ukimkuta mlinzi mwingine, ujue nilichomoa waya; geuza, usinitafute.