Kabichi Arobaini na Moja

Jumapili, mvua tangu asubuhi. Umeme umerudi saa sita mchana baada ya siku tatu, na mtaa wetu mzima wa Katuba umepiga kelele kana kwamba tumefunga bao. Mimi sikupiga. Nilikaa naitazama taa, nikajua ninataka kufanya kitu nilichomwahidi Mungu kwamba sitakifanya.

Shajara, leo nimevunja nadhiri. Ningependa kuandika kwamba najuta, lakini hata sijui kama najuta.

Kwa wanaonisoma hapa mtandaoni mara ya kwanza: mimi ni Riziki, fundi cherehani, kibanda changu kiko Kamalondo. Nina miaka thelathini na sita na ninacheza mchezo wa video. Ndiyo, mwanamke mzima. Wateja wangu wakijua watanicheka mpaka Krismasi, na wacheke tu.

Ni ule mchezo mkubwa wa majoka na wachawi, wenye milima na mapango na miji, mtu anaweza kuucheza mwaka mzima asione mwisho wake. Nacheza na mdogo wangu Elie, aliyebaki Goma na Papa yetu. Tuna konsoli mbili za mitumba, moja huku, moja kule, lakini akaunti ni moja na shujaa ni mmoja. Elie akicheza, mchezo unajihifadhi wenyewe kwenye intaneti. Nikifungua mimi, naendelea pale alipoachia. Wote wawili hatuwezi kuwa ndani. Mmoja akiingia, mwingine anatupwa nje.

Shujaa wetu anaitwa Masika, jina la marehemu mama yetu. Ana ngozi ya kijani. Si kwamba tulipenda: Elie alibonyeza kabla sijamaliza kuchagua uso, na tulipogundua tulikuwa tumeshaua joka la kwanza. Mama angetuchapa wote wawili.

Mchezo wenyewe umejaa kasoro, na kwa kweli naupenda kwa hizo kasoro. Farasi wetu anapanda ukuta wima kama mjusi. Muuza samaki wa pale mjini amesimama uso kwa ukuta tangu mwaka jana, anaendelea kutembea na hafiki. Na nyumba yetu, tuliyoijenga kando ya ziwa, ina ugonjwa wake: ukipanga vitu vizuri mezani, ukatoka, ukirudi vyote vinaruka juu kama bisi kwenye sufuria.

Hata hivyo, vitu hivyo ndivyo barua zetu. Mchezo hauna mahali pa kuandikiana, basi tukajitungia lugha. Viatu mlangoni, nimesafiri. Mkate kitandani, tuko salama. Na kabichi ni kuomba msamaha. Hiyo ilianza siku Elie alipomwangusha farasi wetu wa kwanza korongoni. Kwenye begi hakuwa na kitu ila kabichi moja, shu kama tunavyosema huku, akaiweka mezani. Niliikuta inaviringika sakafuni. Nikacheka, nikaila. Tangu siku ile ikawa sheria ya nyumba: aliyekosa anaweka kabichi, anayesamehe anaila. Ukiwa bado na hasira unaiacha tu. Kabichi za mle haziozi.

Halafu wenye bunduki wakauchukua mji wa Goma.

Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, maharage ya Kivu yakakoma kufika, na maghala ya watu wa kwetu hapa Kamalondo yakabaki na panya. Mimi niliyekuwa nashona magauni ya arusi nikaanza kushona sare za matanga. Juma moja nilishonea familia tatu. Watu walikuwa wanaleta kitenge bila hata kuuliza mshono, wanasema fanya haraka tu.

Ndipo nikaweka nadhiri kwenye chumba cha maombi: sitagusa mchezo mpaka Papa na Elie watoke salama. Wenzangu walifunga chakula. Mimi nilifunga mchezo, maana Mungu anajua ndiko kungeniuma, na Elie nilimjulisha.

Papa ana mguu mbovu, hawezi kukimbia. Elie ndiye alikaa naye. Kila Alhamisi nilipata ujumbe wake: "Yaya, tuko sawa. Courant hakuna, réseau ni ya kuiba-iba. Simu ya Papa balishaikamata. Mama Kavira alikimbia. Papa anakusalimia sana." Yaya ni mimi, dada yake mkubwa; yaani umeme hakuna, mtandao ni wa kubahatisha, na simu ya Papa wenye bunduki wameshaichukua. Mama Kavira ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye pekee mwingine ambaye ningeweza kumpigia. Basi nilibaki na Alhamisi tu. Nilikuwa nasoma ule ujumbe nikiwa nimesimama, kisha napiga magoti.

Leo nimefungua konsoli.

Nilipoacha, mchezo ulikuwa umeandika saa mia mbili na kumi na mbili. Leo umeandika mia mbili na sitini.

Eh, nilivyopiga kelele! Yuko hai, anacheza! Nilizunguka chumba nikicheza dansi na mto mkononi. Nikajiambia huyu mjinga amepata umeme, na kitu cha kwanza alichokumbuka ni majoka. Nikamkimbiza Masika mpaka nyumbani kwetu kando ya ziwa, nitafute mkate kitandani.

Nikafungua mlango, nyumba ikalipuka.

Kabichi! Zilitoka mezani, kwenye rafu, kitandani, zikagonga dari, zikagongana zenyewe kwa zenyewe, moja ikampiga Masika usoni mpaka akapungukiwa na uhai kidogo. Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Zilipotulia nikaanza kuzihesabu, bado nacheka. Zilikuwa arobaini na moja.

Sasa, muuza mboga wa mle hakuuzii zaidi ya kabichi moja kila unapokwenda. Maana yake Elie alikwenda sokoni mara arobaini na moja. Kicheko kikaniishia hapo hapo.

Mtu anaomba msamaha mara arobaini na moja, amefanya nini?

Na hiyo intaneti ameitoa wapi?

Nikachukua simu nikapiga namba ya Mama Kavira, yule aliyekimbia. Iliita mara mbili, akapokea. Alikuwa anakaanga kitu, nilisikia mafuta yanavyolia. Hakukimbia popote, Shajara. "Riziki? Ayi, Mungu iko! Ngoja nimupatie Papa simu, iko hapa kwa mulango, anaota jua."

Sauti ya Papa sikuwa nimeisikia tangu mji uanguke.

"Mama, ni wewe?" Ndivyo anavyoniita, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nikasema ni mimi. Akaniuliza, kwa furaha kabisa: "Elie iko muzima? Ananenepa sasa?"

Nikauliza, Elie yupi. Akacheka akidhani natania. "Si mutoto wangu. Si iko Mokambo, hapo karibu na wewe."

Mokambo! Mpakani na Zambia! Lori la unga likitoka kule asubuhi, mchana dereva anakula bukari yake, ugali wa huku, hapa mjini.

Papa akanieleza kama mtu anayekumbushia jambo tunalolijua wote. Wenye bunduki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiwachukua vijana. Yeye mwenyewe alimwambia Elie aondoke. Elie akaondoka na konsoli kwenye mkoba, akazunguka nchi za watu juu ya malori, akatokea Mokambo, na sasa inakaribia miezi miwili anafanya kazi kwenye depo ya unga ya mtu wa kwetu.

Hilo ningelimeza. Kweli ya Mungu, ningelimeza bila maji. Angeniuliza mimi, ningemwambia kimbia, hata viatu usivifunge.

Lakini Papa hakuwa amemaliza. Akasema, kwa ile sauti yake ya kutotaka kusumbua mtu: "Elie alisema alikuambia yote. Alisema wewe njo utakuwa unapiga kila Jumapili, kwa simu ya Mama Kavira. Nikangoja. Nikasema labda uko na kazi mingi."

Nikangoja.

Mama Kavira alipoichukua simu alisogea pembeni akanong'ona. Kila Jumapili Papa anavaa shati lake la ibada, anavuka uwanja na fimbo yake, anakaa mlangoni kwake mpaka jioni, karibu na simu. Hakuwa anaota jua. Na yule mama, kumbe, siku zote alikuwa anajiuliza mimi ni binti wa namna gani.

Hapa hasira imepanda na Kiswahili cha shule kimenitoka, basi mutanisamehe. We Elie, mudogo wangu, juu ya nini? Kukimbia ulikimbia, aksanti Mungu, hakuna muntu angekuchekea. Juu ya nini umubebeshe Papa uongo, na miye unibebeshe ya kwangu? Yeye anawaza binti yake haiko na roho. Miye napiga magoti kila Alhamisi kwa "Papa anakusalimia sana". Salamu gani? Ulikuwa unazitunga umekaa juu ya magunia ya unga! Ulinizibia hata Mama Kavira, muntu muzima iko anakaanga samaki sambaza kwake, wewe unasema alikimbia!

Haya. Nimekunywa maji.

Najua kwa nini alifanya vile, na kujua hakunisaidii. Aliona haya. Mvulana wa kwanza na wa mwisho wa Papa, aliyeapa mbele ya kaburi la Mama kwamba hatamwacha mzee, ataanzaje kuniambia amemwacha? Akadanganya Alhamisi ya kwanza ili apumue. Alhamisi ya pili ikamkuta hana pa kurudi. Mimi namjua, tangu utoto akivunja sahani anaificha, halafu anaosha vyombo vyote vilivyobaki.

Papa sikumwambia. Nilimwomba msamaha kwa kosa ambalo si langu. Nilimwambia ni kweli, Papa, kazi zilikuwa nyingi, nimekosa. Ningefanyaje? Nje kwake kuna watu wenye bunduki, na mimi nimpe tena mtoto mwongo wa kulala naye kichwani? Akanijibu haina shida, mama, kazi ni kazi. Kwa hiyo sasa na mimi ni mwongo. Njo vile familia yetu, ndivyo tulivyo.

Nilirudi kwenye mchezo nikiwa na nia moja, kuzikusanya zile kabichi zote na kuzitupa ziwani, kisha kuifuta akaunti. Saa mia mbili na sitini, zote, ziende.

Nilipookota ya tatu, Tamria alichomoa upanga. Tamria ni askari wa mle anayetusindikiza, tumelala naye mapangoni, tumemtibu, tumemnunulia kofia ya chuma nzuri kuliko yetu. Akapiga kelele, "Mwizi!" akanikata mgongoni. Ni kasoro ya mchezo, naijua: kitu kikiruka kutoka mahali pake, mchezo unasahau kwamba ni chako. Lakini leo iliniumiza kweli. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, hata wewe! Nikashusha silaha, naye akatulia, akaniambia kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Nikaokota zote. Kwa uzito ule Masika hawezi kukimbia tena, anakokota miguu tu. Kutoka mlangoni mpaka ziwani ni hatua chache, na zilinichukua dakika nyingi, mama yangu wa kijani ameinama na mzigo wa kabichi, Tamria nyuma yake anapiga mluzi. Nikafika majini. Nikasimama.

Sikuzitupa. Nilimwona Elie, kila jioni baada ya magunia, anakwenda kwa yule muuza mboga wa uongo kununua kabichi moja, anairudisha nyumbani, anaiweka mezani, anajua nimefunga na sitafungua. Alikuwa ananiomba msamaha mahali pekee alipojua siwezi kumsikia. Hapo pia kuna woga wake. Ila mara arobaini na moja si mchezo.

Nikarudi. Polepole, kwa uzito ule ule.

Nikala moja. Hiyo ni kwa kunidanganya mimi, na kwa kuwa yuko hai, mpumbavu yule. Zile arobaini nilizipanga sakafuni, ambako haziruki, mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kitandani, ili asiweze kuingia bila kuzivuka. Hizo si zangu kuzila. Mwenyewe anakaa mlangoni kwa jirani na fimbo yake.

Nilikuwa naweka ya mwisho skrini ilipozimika. Ikaandika kwamba akaunti inatumika kwenye mashine nyingine.

Kwa hiyo sasa hivi, ninapoandika, Elie yuko ndani ya nyumba yetu anahesabu. Mvua imeshakatika. Simu imeita, jina lake. Nimeikata. Imeita tena, nimeikata tena, kisha nimemtumia namba ya Mama Kavira, bila salamu, bila neno lingine.

Bado ni Jumapili. Papa bado amevaa shati lake.