Jina la Mwalimu Kwenye Kaburi Lako

Mama Shiro,

Jumanne walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyeupe. Walisimamisha pikipiki kando ya ua, wakavuka shamba lenu bila kupiga hodi, wakaenda moja kwa moja hadi kaburini kwako. Mimi nilikuwa napalilia kunde upande wangu. Nikawauliza, mnatafuta nini kwa marehemu? Mmoja akajibu, "Mayi, si sisi tumetumwa tu. Mheshimiwa anataka jina yake itoke hapo. Hayo maneno mengine hana shida nayo."

Niliwafukuza na jembe. Unanijua. Walikimbia wakaacha kopo na brashi, na mmoja akapoteza ndara moja kwenye kunde zangu. Sijamrudishia mpaka leo.

Najua unauliza, jina gani hilo, na limefikaje kwenye kaburi langu? Ndiyo maana nimeshika kalamu. Baba Shiro huja kuongea na wewe kila jioni kwa Kikuyu, lakini nadhani haya hakuelezi, yeye anakupa habari za ng'ombe. Mimi na wewe lugha yetu ilikuwa hiki Kiswahili cha soko la Kachibora, wewe na chako cha Nyeri, mimi na changu cha Bungoma, na hatukuwahi kukosa la kusema. Basi nakuandikia kwa hicho hicho.

Wewe ndiye uliyenileta kwa Mwalimu, huyu anayeitwa Mheshimiwa siku hizi, usisahau. Mimi wanasiasa nilikuwa nawaona kama mvua ya mawe, unaingia ndani unangoja ipite. Lakini wewe ulikuwa na hadithi yako, na uliirudia mara nyingi hadi nikaona kama nami nilikuwepo: zile fujo za kwanza, mwanzo wa miaka ya tisini, vijana wamefika langoni kwenu na mapanga, wewe ndani na Shiro mgongoni, na Mwalimu akatoka kwake peke yake na fimbo ya kuchungia. Akasimama langoni akawaambia, "Pitieni kwangu kwanza." Wengi wao aliwafundisha kusoma. Wakarudi na vichwa chini. Ukimaliza kusimulia hapo ulikuwa unaniambia nikuletee chai, kana kwamba mimi ndiye niliyekuchosha.

Kwa hiyo aliposimama uchaguzi wa elfu mbili na mbili ulifunga biashara yako ya viazi ukaja kwenye kibanda changu cha chai, ukanizimia jiko. "Twende," ukasema. Nikakwambia mimi sifuati wanasiasa. "Huyu si mwanasiasa," ukasema, "huyu ni Mwalimu." Tukapika kila mkutano. Wewe na mukimo wako wa viazi na mahindi ya kuponda, mimi na kuku na ugali, tukigombania sufuria kubwa ya kanisa. Mpaka leo unadai huko uliko kwamba mukimo ndio uliomletea kura. Aliposhinda ulicheza barabarani hadi kitambaa chako cha kichwa kikaanguka, pikipiki ikakikanyaga, na hukujali.

Na mimi niliamini, Mama Shiro. Silisemi hili kwa aibu. Mtu aliyesimama langoni ningekosaje kumwamini? Lile daraja letu la mbao alilitoa akaweka la zege, siwezi kumnyima hilo.

Halafu ukatuacha. Figo zilikumaliza haraka, hata hukuvuna vile viazi vya mwisho. Kuna jambo la mazishi yako ambalo nimelibeba peke yangu muda mrefu, maana wewe ulikuwa kwenye sanduku na Baba Shiro alikuwa hajielewi. Shemeji zako walitoka Nyeri na gari. Walitaka kukurudisha huko. Mkubwa wao alisema mbele ya watu wote, "Hapa watu wetu wameshakimbizwa mara moja. Siku tukikimbizwa tena tutabeba magodoro na watoto. Kaburi halina miguu." Nani angemjibu? Sisi wa Bungoma tulijua alisema kweli.

Mwalimu ndiye aliyejibu. Alikuja bila kipaza sauti, bila msafara. Akavua koti, akaenda kusimama kando ya shimo lililokuwa limeshachimbwa, akasema, "Hakuna mtu atakimbizwa hapa tena. Huyu mama amelala kwao. Kwao ni hapa." Akashika koleo. Shemeji zako wakazima gari. Unalala Kachibora kwa sababu ya maneno hayo. Nataka uelewe hivyo, kwa sababu yaliyofuata yana uzito huo.

Kampeni za mara ya pili zilipofika, wewe hupo, tulichukuliwa na lori akina mama wa soko, tumevaa leso zinazofanana, tukapelekwa mkutano mkubwa kwenye uwanja wa Kanduyi. Mimi nilifurahi, nyumbani kwetu ni hapo karibu, nikawaonyesha wenzangu njia niliyopita nikienda shule. Wakubwa wakaongea. Mwalimu akapewa kipaza sauti, tukampigia vigelegele. Akaanza kwa Kiswahili, barabara, bei ya mbolea, mambo ya kawaida. Kisha akaacha Kiswahili akaingia lugha yetu sisi wa Bungoma. Akasema kuna wageni waliokuja kwa siku mbili wakakaa miaka thelathini. Akasema kura ikipita, wageni wafunge mizigo.

Uwanja ulilipuka kwa makofi.

Mimi nilikuwa nimeinua mikono kabisa, Mama Shiro, tayari kupiga makofi kwa mazoea. Ikabaki juu. Nikafikiria wale shemeji zako na gari lao. Nikapiga kelele, "Na Mama Shiro je? Yeye afunge nini?" Sauti yangu haikufika popote. Jirani yangu alinivuta leso, "Wee, nyamaza, utatuletea balaa." Sikupanda lori kurudi. Nilitembea hadi kwa kaka yangu na vumbi lote la Kanduyi miguuni, nikamweleza, akacheka. "Dada, hiyo ni siasa tu bana. Hata yeye mwenyewe haamini."

Hapo ndipo imani yangu ilipoishia. Heshima ya kumwita Mheshimiwa ilikuwa imeshaisha uwanjani, lakini imani iliishia sebuleni kwa kaka yangu, kwa hilo neno "tu". Kama anaamini anachosema, basi ni mtu mwovu. Kama haamini na anasema, basi ile siku ya mazishi pia ilikuwa siasa tu, na langoni kwenu pia, na sisi tulipika ugali wa bure. Nilikosa usingizi nikitafuta njia ya tatu ya kumtetea. Nilikuwa nataka sana iwepo.

Wewe ulikuwa unapenda kusema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na unaongeza yako, "Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza, na lilikuwa butu." Nani aliye mgeni na jembe lake limekwisha kwa kunolewa?

Kura ikapita, na vijana wakaja. Ilikuwa mchana kweupe, jua limewaka. Baba Shiro na Shiro nilikuwa nimeshawapeleka Kitale asubuhi hiyo, tumewafunika na maturubai kwenye gari la maziwa. Nilirudi nikasimama langoni kwenu. Usinifanye shujaa, nilishika nguzo ili nisikimbie. Nilikuwa sina maneno yangu, nikatumia yake. "Pitieni kwangu kwanza." Waliokuwa mbele ni watoto waliokula chapati zangu kwa deni wakienda shule. Mmoja akasema, "Mama Simiyu, toka hapo, hatuna kesi na wewe." Nikasema mimi ndiyo nina kesi na nyinyi. Walizunguka nyuma wakachoma ghala. Nyumba waliiacha. Kaburi waliliacha. Viazi vyote vya msimu viliiva siku moja na hakuna aliyevila. Harufu yake ilikaa kwenye nguo zangu, na nilipoifua ile leso nililia hadi maji yakapoa.

Baada ya hapo, akina mama wa soko waliacha kununua chai yangu. Niliitwa msaliti. Nikawa nachemsha birika dogo, nakunywa mwenyewe, naimba kwa sauti wanisikie.

Mwalimu alienda Kitale, kwenye kambi ya waliofukuzwa, na blanketi na watu wa kamera. Aliwaita wale wa kwenye mahema "watu wangu". Alipofika kwa hema la Baba Shiro akanyoosha mkono. Unajua Baba Shiro wako, hata kuku hawezi kumfukuza jikoni. Siku hiyo alichukua ndoo akaenda kuchota maji, akamwacha mkono umenyooka. Shiro ndiye aliyenihadithia.

Wamerudi mwaka huu. Nyumba imeezekwa upya, ng'ombe ni wawili. Shiro akasema kabla ya kitu kingine chochote tukujengee kwa simiti, ule msalaba wa mbao umeoza. Fundi akamwaga, akasawazisha, akauliza tuandike nini. Jina lako likaandikwa. Mama mpendwa, likaandikwa. Mimi nikasema, ongeza, AMELALA KWAO. Na chini yake, weka aliyesema. Fundi akashtuka, "Eh, mimi nina watoto." Akanipa msumari, akaenda kunawa mikono na hakurudi haraka. Basi niliandika mwenyewe kabla simiti haijakauka: Maneno ya, na majina yake yote matatu, siku ya mazishi. Mwandiko wangu umepinda, herufi za mwisho zimebanana kama abiria. Cheka tu. Baba Shiro alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ulipoondoka.

Sasa watu wa pikipiki wanasimama barabarani wanaingia kusoma. Wengine wanasoma kwa sauti. Sokoni wanamtania, akipita wanasema, "Huyo, shahidi wa marehemu!" Na kwa kuwa anaanza tena kutafuta kura za pande zote mbili, jina limemwasha. Hakusema ni uongo. Hawezi, maji yakimwagika hayazoleki. Anachotaka ni maneno yabaki bila mwenyewe, yawe kama yalisemwa na upepo.

Jumatano alituma mtu mzima, mwenye adabu. Akatuambia Mheshimiwa ataweka vigae kaburi zima, na picha yako kwenye kioo, tukikubali jina litoke. "Anataka tu yaishe," akasema. Nikamwambia aje mwenyewe, mchana, apite katikati ya soko na brashi mkononi, apige magoti hapa afute. Nitamshikia kopo.

Yule mtu alipoondoka, Baba Shiro akaniambia polepole, "Mama Simiyu, wewe ukimaliza kugombana unaenda kwako. Mimi nabaki na hii ua. Wacha tufute, tuishi."

Nilikasirika, Mama Shiro. Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Lakini ghala lililochomwa lilikuwa lake, na mke ni wake. Nikamwambia, "Kaburi ni la mke wako. Ukitaka lifutwe, lifute. Rangi wameiacha pale kwenye kunde." Nikaenda nyumbani bila kumuaga.

Alhamisi asubuhi nilitoka nje nikamwona amepiga magoti kaburini, kopo kando yake. Nilitaka kurudi ndani nisione. Halafu nikasema, hapana, mimi ndiye niliyeandika, acha nione likifa. Nikavuka ua.

Hakuwa anafuta. Alikuwa ameshika ile brashi ya Mheshimiwa na anajaza herufi rangi nyeupe, moja moja, ulimi umetoka kidogo mdomoni, vile anavyofanya akitia uzi kwenye sindano. Alikuwa hajaanza na jina lako. Alianza na la Mwalimu. Majina mawili yalikuwa yamekwisha, na alikuwa kwenye la tatu.

Hakuinua macho. Akasema, "Wacha isomeke mpaka kwa barabara."

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia, kisha nikamwambia amepaka nje ya mstari, naye akaniambia mstari ni wa nani huo uliopinda hivyo. Tukamaliza pamoja. Rangi ikabaki nusu kopo. Nimeiweka chini ya kitanda changu.

Kura yangu ninayo bado, Mama Shiro, na safari hii hakuna mtu atakayenizimia jiko kuja kuichukua. Mwanangu Simiyu yuko Bungoma, nimemwambia kopo liko wapi, na Shiro pia anajua. Kila mwaka kabla ya mvua tutazipaka herufi hizi upya, nikiwa hai kwa mkono wangu, nikifa kwa mikono yao. Yeye atazeeka, atashinda, atashindwa, atasema mengine Kanduyi na mengine hapa. Lakini kila akipita barabara hii atasoma alichosema siku aliyokuwa mtu.

Jua limepanda, naenda kuwasha jiko. Wiki hii wanne wamerudi kununua chai.

Mulembe, amani kwako, rafiki yangu. Lala. Uko kwenu.

Mama Simiyu