Krimu, biskuti na mchanga

Jumatano. Ukungu tangu asubuhi, na baridi ya huku kwetu Tumati unaijua.

Najua ulinifungulia ukurasa huu kwenye simu niandike ya moyoni, Fausta mwanangu. Lakini mimi kuandika nilikojua ni barua, basi nianze na salamu. Baba yako hajambo, kifua tu kinambana kwa hii baridi. Bibi yako hajambo, anakula na anagomba, ndivyo tunavyojua ni mzima. Mdogo wako Paulina hajambo, yuko shule. Shangazi yako Marsela yuko hapa tangu jana, naye hajambo. Ng'ombe wazima. Mimi mama yako nipo. Na wengine mnaopita humu kusoma, mlionizidi umri shikamooni, wadogo hamjambo.

Moyo wangu ndio haujatulia.

Magunia ya mahindi tumeyatoa yote chumbani kwako. Fundi alishapiga plasta, ukuta ukabaki wa kijivu. Nikasema, mtoto ametoka hospitali mikono mitupu, atalalaje anaangalia kijivu? Nikaenda Mbulu mjini, dukani, nikamwambia muuzaji nataka rangi tulivu ila isiwe nyeupe. Nyeupe ni ya wodini.

Akanipakia tatu kwenye kipande cha ubao. Krimu, biskuti na mchanga.

Jamani, zinafanana! Krimu ni kama maziwa yaliyolala. Biskuti ni maziwa hayohayo umeyadondoshea chai. Mchanga ni chai uliyoitia maziwa kidogo. Nikatoka na ubao nje kwenye mwanga, zikabadilika. Nikarudi ndani, zikabadilika tena. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unachagua rangi au mkwe?" Nikazipiga picha zote tatu nikakutumia. Ukajibu, "Yoyote tu, mama." Tangu hapo kimya.

Nikachukua mchanga. Nilifikiri hivi: tulipokuwa tunakandika nyumba, udongo mbichi ulikuwa mweusi, ukikauka unapauka. Nikajua na rangi ikikauka itapauka, itaishia kwenye krimu. Kumbe hii rangi ya maji ni kinyume. Jana tumepaka ukuta mmoja, leo umekauka, umekolea. Baba yako akachungulia akasema, "Mama Fausta, umeturudishia tope ukutani." Akacheka.

Mimi sikucheka. Shangazi yako alikuwa amesimama mlangoni.

"Umepaka vizuri, wifi," akasema, "ila asilale humu kwanza. Kile kijumba cha nyuma si kipo? Zamani mwanamke aliyepoteza mimba hakuingia kwa watu mpaka muda wake uishe. Hapa kuna Paulina, kuna ng'ombe wa kaka yangu. Ukija kupata janga utamlilia nani?"

Tunasali naye kanisa moja, tena yeye ni wa kwaya. Lakini ile hofu ya zamani haijamtoka. Na mimi nikisema kweli, haijanitoka yote.

Hapo ndipo nikauelewa ujumbe wako wa kwanza. Uliandika, "Mama, nitakuja kama hakuna shida." Ulikuwa unauliza hili. Na mimi nikakujibu kwa picha tatu za rangi.

Nisamehe. Rangi naiweza. Hili lingine sikujua nianzie wapi.

Bibi yako alikuwa anaota moto jikoni, kumbe anasikia yote. Akapaza sauti, "Marsela! Mimi nilikaa huko nyuma wewe hujazaliwa. Nilichopata ni baridi. Chakula waliniwekea chini kama mbwa, halafu mvua waliyosema nitaizuia haikunyesha vilevile!"

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikamwambia, "Wifi, mwanangu atalala humu. Na mimi nitalala naye kitanda kimoja. Kama kuna la kutupata, litupate wote wawili."

Baba yako akasema tu, "Hapa ni kwake," akatoka kwenda kwenye ng'ombe.

Sasa hivi shangazi yako anamenya viazi, hataki kuniangalia. Sijui kama atabaki au ataondoka. Sijui majirani nao watasemaje, wako watakaopita mbali na mlango wetu, nakuambia mapema usije ukashtuka. Naogopa, mwanangu. Naandika huku naogopa.

Kuta tatu zilizobaki nitazipaka krimu. Huu mmoja utabaki na mchanga wake, kitanda hatutakiweka upande huo.

Hakuna shida, Fausta. Iliyopo ni yetu sisi huku, wewe siyo shida. Mumeo amesema yuko tayari kukuleta. Basi niambie mnatoka Katesh lini, nikupokee barabarani, tuingie mlango wa mbele pamoja. Simu nitaifunga kwenye pindo la kanga ili nisikie. Nijibu upesi, usingoje jioni.