Jina la Mama Yake Isom

S.L.P. 41,
Cane Fork, Alabama.
26 Juni 1983

Mpendwa Mjomba Roscoe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Detroit, na goti lako limetulia tangu uache kazi ya kiwandani. Mama anauliza kama bado unakunywa kahawa kabla ya kutia chochote tumboni. Nilimwambia sitaliandika hilo, na sasa nimeliandika.

Sisi hatujambo. Mvua imechelewa, bamia za Mama zimedumaa. Shangazi yako, Bibi Mozelle, alitimiza miaka tisini na mmoja mwezi uliopita. Anapanda ngazi za kanisa peke yake, na mtu akimshika mkono anamwuliza, “Wewe ndiye unayeogopa kuanguka?”

Mjomba, nina jambo moja tu, na nimekaa siku tatu sijui niliandikeje. Basi naliandika lilivyo. Nimelipata jina la mama yake Isom.

Najua ulivyoondoka. Mama amenisimulia kuhusu ile Jumapili ya Agosti mwaka 1951, mlipokwisha kusafisha makaburi, Bibi Mozelle akaanza kuwaita wafu wetu kama anavyowaita kila mwaka, na kila jina hujibiwa “Tupo” na mkubwa wa uzao wake aliye hai. Alianza kama kawaida: “Mama yake Isom.” Kisha kimya, kwa kuwa asiye na jina hajibiwi. Ukasema hutarudi kusimama juu ya kaburi kumwita mtu kana kwamba hakuwa mtu. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini kimya hicho nimekisikia kila Agosti tangu utoto, na kila mara nilihisi kama kuna mtu amesimama nyuma yangu, amechoka kusubiri.

Isom mwenyewe hakulijua jina. Bibi Mozelle alimuuliza babu yake huyo alipokuwa msichana, naye akamjibu, “Nilikuwa na miaka sita waliponitoa kwake. Mtoto wa miaka sita anamwita mama yake nani? Mama.” Ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Nilianza kutafuta mwaka juzi, nilipokuwa bado chuoni. Nilikwenda Montgomery kwenye nyumba ya nyaraka, nikazungusha mikanda ya filamu yenye picha za nyaraka za kale mpaka macho yakaniuma. Katika sensa ya 1870 nilimkuta mara moja: Isom Bascomb, miaka ishirini na mitano, mkulima. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyoandika watu wetu kwa majina. Ya 1860 inaandika jina la mwenye watumwa, halafu chini yake mistari tu: umri, mwanamume au mwanamke, rangi. Basi nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wetu hufanya. Nilidhani kwa kuwa aliitwa Bascomb, bwana wake wa mwisho alikuwa Bascomb. Miezi kumi na minne niliwafuata akina Bascomb wote wa wilaya hii. Hakuna aliyekuwa na mvulana wa umri wake.

Mwezi wa Aprili tulikuwa barazani tukimenya kunde, nikamlalamikia Bibi Mozelle. Akacheka mpaka kunde zikamwagika.

“Bascomb gani, mwanangu? Uhuru ulimkuta Babu kwa akina Thaxton. Pale penye kinu.”

“Bibi! Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza lini? Umeshinda unayauliza makaratasi.”

“Sasa jina la Bascomb alilitoa wapi?”

Aliendelea kumenya kidogo. Akasema walipoachwa huru, watu walimwambia Isom ajiandikishe Thaxton kama wenzake. Akakataa. Akawaambia, “Mama ananijua mimi ni wa kwa Bascomb. Nikibadili, ataanzia wapi kunitafuta?”

Mjomba, miaka yote tumelibeba jina hilo kama alama ya moto aliyotupiga mtu. Kumbe lilikuwa taa aliyoiacha ikiwaka dirishani.

Mjukuu wa akina Thaxton bado yupo. Ni bibi wa Kizungu wa miaka themanini, anaitwa Eulalie, anaishi peke yake katika nyumba ile ile ya penye kinu. Nilitaka kumwandikia kwanza. Bibi Mozelle akavaa kofia yake ya kanisani, akabeba pai ya viazi vitamu, akasema twende. Nilipoegesha gari upande wa jikoni alinitazama.

“Mlango wa mbele, Arletha. Mama yangu alifua nguo humu miaka ishirini akipita nyuma. Amenimalizia zamu yangu.”

Bi Eulalie alitukaribisha, tukamwambia tumekuja kuona kumbukumbu za zamani za familia yake. Alisema kabla hatujaketi kwamba watu wake siku zote waliwatunza vizuri watu wetu.

“Basi kumbukumbu zenyewe zitasema hivyo hivyo,” akajibu Bibi Mozelle, akamkabidhi pai.

Kwa haki, niseme alizitoa mwenyewe, na hakuondoka chumbani tulipokuwa tukisoma. Ni Biblia kubwa ya familia, na ndani yake karatasi ya mgawanyo wa mirathi ya mzee Bascomb, aliyekufa mwaka 1851. Binti yake Caroline aliolewa na Thaxton. Mwanawe William alihamia Mississippi. Watu wameandikwa baada ya ng’ombe. Kulikuwa na safu ya bei, nikaifunika kwa kiganja ili Bibi Mozelle asiione, naye akaniondoa mkono, akasoma yote.

“Isom, mvulana, miaka sita, kwa Caroline.”

Mstari unaofuata: “Tempie, mama yake, miaka ishirini na mitano, na mtoto wake mchanga Hester, kwa William.”

Tempie. Mtu aliyeandika vile hakuwa na sababu yoyote ya kuweka yale maneno mawili, “mama yake”. Angeweza kuyaacha. Ninayafikiria kila siku.

Bibi Mozelle hakulia. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasoma mara ya pili. Aliyelia ni Bi Eulalie, na Bibi Mozelle akamwambia kwa upole, “Kata pai, mama. Tuna safari.”

Nilirudi Montgomery, nikaagiza mkanda wa sensa ya 1870 ya Mississippi. Nilimkuta, Mjomba, katika wilaya ya Noxubee. Tempie Bascomb, miaka arobaini na minne, mfuaji nguo. Katika nyumba yake: Hester, miaka kumi na tisa. Na chini ya Hester, mtoto wa miaka minane, jina lake Isom.

Alizaa mvulana mwingine akampa jina lile lile. Sijui kama alidhani wa kwanza amekufa, au alitaka tu kuendelea kuliita kila siku ndani ya nyumba. Kutoka hapa hadi Noxubee, kwa gari la Baba, ni saa moja na nusu. Sijui kama walionana. Bibi Mozelle anasema hapana, maana Babu angerudi na jina.

Kuita jina ni kazi ya Bibi Mozelle, na kwa desturi yetu anayeita hajibu. Baada yake, mkubwa wa uzao wa Tempie tunaoujua ni wewe. Mwingine hawezi kusimama badala yako wewe ungali hai. Jumapili ya makaburi mwaka huu ni tarehe 14 Agosti. Daktari amesikiliza moyo wa Bibi Mozelle na hakupenda alichosikia, na Bibi mwenyewe ametukataza kukuandikia hilo. Nimelipata jina kabla hajaondoka, lakini bila wewe litaangukia kimya kile kile.

Wasalimie Shangazi Willa na binamu zangu wote. Baba na Mama wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, kama njia utaishika.

Leo asubuhi niliingia jikoni nikamkuta Bibi Mozelle amesimama mbele ya dirisha, hakuniona. Alikuwa akifanya mazoezi. Akaita, “Tempie,” kwa sauti yake ya makaburini. Kisha akainamisha kichwa, akasubiri.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,
Arletha Dunning